Nipo Tu

Niliachishwa kazi kwa sababu ya maneno mawili, na sijuti hata kidogo.

Nilikuwa mdadisi kwenye utafiti wa hali za watu mkoani kwetu: nani anacho, nani hana, na kwa nini. Tulipewa semina ya siku tatu Sumbawanga mjini, kishikwambi na koti la mvua. Msimamizi alituambia majibu yatatumika kupanga nani apewe mbegu na mbolea. Asiyeandikwa mkulima, ndiyo basi tena.

Kwenye kijiji cha Kate nikamkuta mama mmoja mjane anapura ulezi alioutoa ghalani, jasho linamtiririka, makapi yamemjaa hadi kwenye nyusi. Nikamwamkia, akanisogezea kigoda. Yeye hakukaa. Tukaenda mpaka swali la kazi.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Kazi? Sina kazi, mwanangu. Nipo tu."

Nipo tu! Na fimbo ya kupuria iko mkononi! Kwenye kishikwambi jibu lilikuwa tayari, la kubonyeza: Hana kazi. Hapo nikakumbuka fomu zangu zote za shule ya Katandala. Kazi ya baba: fundi seremala. Kazi ya mama: hana. Mama huyo huyo ambaye mahindi yake ndiyo yaliyonisomesha! Na mwandiko ni wangu, hakuna aliyenishika mkono. Niliona aibu, halafu nikashikwa na hasira.

Nikamuuliza upya, kwa Kifipa, bila kutaja kazi: jana umefanya nini tangu kulipokucha? Weee! Alihesabu mpaka vidole vikaisha, na jua la hiyo jana lilikuwa bado halijafika utosini. Nikabonyeza: Mkulima. Kwa siku tano nikauliza hivyo hivyo kila nyumba.

Msimamizi alipoyaona majibu akashtuka. Hakuwa mtu mbaya, ila alikiamini kile kishikwambi kuliko macho yake.

"Dada, kijiji kizima hakina mwanamke asiye na kazi?"

"Sijamwona."

"Swali linasomwa lilivyoandikwa. Wakisema hawana, andika hawana. Utafiti siyo huruma."

"Huruma ya nini? Kalime nao siku moja tu, halafu uje uandike wewe."

"Rekebisha, la sivyo kesho usije."

"Sirekebishi."

Nikabonyeza kutuma mbele yake, majibu yote, ndipo nikamkabidhi kishikwambi chake. Koti la mvua nilibaki nalo.

Nikarudi nyumbani Milanzi, nikashika jembe. Nilimsimulia mama yangu yote, hata zile fomu za shule. Alitikisa kichwa, akaendelea kupanda. Nikajua nimemuumiza, au pengine ameona nimefanya ujinga kuacha mshahara kwa ajili ya neno.

Wiki ile ile akapita jirani kando ya shamba, mzee mmoja mpenda habari.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Vipi, siku hizi uko wapi? Ile kazi?"

Nina matope mpaka magotini, lakini ulimi ukateleza wenyewe.

"Aa, niliacha. Siku hizi nipo tu..."

Mama akanyoosha mgongo. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akipandisha sauti mbele ya mwanaume.

"Tu gani?" akasema. "Huyu analima. Na mimi nalima."