Magimbi ya Baba

Tangu nirudi kutoka chuoni, mimi na baba twaamkiana tu, kisha kimya. Usiku kucha nimejiuliza kama tungezoea kuzungumza lau siku ile ningemwambia ukweli. Harufu ya magimbi yaliyochemka kwa jirani jana ndiyo iliyonikumbusha.

Ilikuwa wiki ya kwanza baada ya kumzika mama. Mchele uligawiwa kwa kadi, na baba, ambaye hakuwahi kushika mwiko, akapika magimbi.

"Yameiva, mwanangu?"

"Yameiva, baba."

Yalikuwa mabichi. Koo liliniwasha kama nimemeza upupu, lakini niliyala yote, machozi yakinitoka. Baba alidhani namlilia mama, akanipangusa kwa kiganja chenye masizi. Kisha akamaliza yake, akatoka uani. Nilimchungulia: alisimama peke yake, ameshika koo, akifyonza ndimu yenye chumvi. Aliporudi aliweka nusu ya ndimu iliyobaki kando ya sahani yangu.

Leo asubuhi nilinunua magimbi sokoni Mwembe Tayari, nikayachemsha hadi yakapondeka kwa kidole, nikamwandalia.

"Yale ya siku ile, baba," nikamwambia, "yalikuwa mabichi."