Xavérine Ndani ya Mtaro

Xavérine, mama wa Iteka na muuza vitenge wa Kabeza, Kigali, alizaliwa na maneno, akakulia Bujumbura ambako hakuna aliyemzuia. Akitoka kununua nyanya, hurudi baada ya saa mbili bila nyanya, ila na habari za mitaa mitatu. Mumewe Eustache, dereva mstaafu wa malori, alishazoea kula mboga zisizo na nyanya na kusikiliza.

Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, asubuhi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, watu wa mtaa walikuwa wakizibua mtaro. Magari yalikuwa hayapiti. Xavérine alisimama ndani kabisa, chupa ya plastiki mkononi, akimsengenya jirani. Katikati ya sengenyo akanyamaza.

Hakuona mwanga, hakusikia sauti. Alijua tu. Alijua Mungu yupo palepale, kwenye matope, kwenye chupa, hata kwenye yule jirani, na kwamba hajawahi kuwa mbali hata hatua moja. Kuamini alikuwa ameamini tangu komunyo ya kwanza. Hili lilikuwa jambo jingine. Lilidumu labda muda wa kukamua shuka moja. Likamwacha analia kwa furaha, matope hadi magotini.

Mwingine angelificha. Yeye, kufikia saa sita mchana, alikuwa amewaambia wote. Zephaniah wa duka la jirani, Msabato aliyelelewa Uganda, alifurahi, kisha akakunja uso. "Siku ya Sabato! Hiyo iko kweli kabisa. Lakini mama, mbona Mungu alikukuta unafanya kazi?"

Ilyasi, fundi wa simu, aliweka bisibisi chini. "Hata masheikh wetu wanasema iko kujua kwa namna hiyo, Mama Iteka. Mwenye kupewa ananyamaza."

"Ninyamaze mimi?"

"Ndiyo maana nakuonea huruma."

Aliyemuumiza ni Eustache. Jioni alimsimulia yote, na Eustache akaweka kijiko, akatoka kwenda uani, akakaa na redio ambayo hakuiwasha. Xavérine alichomwa moyo. Angekubali kuchekwa na Kigali nzima, mradi huyu mmoja amwamini.

Basi akaona njia ni ushuhuda. Jumuiya yao ya Kikatoliki hukutana nyumbani kwa mwenyekiti, Bwana Audace, na anayeaminiwa pale huaminiwa hadi nyumbani kwake. Audace alimpangia Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa. Ila watu hawakungoja Jumapili. Kila siku walipita dukani kuuliza. Mungu alisema nini? Hakutaja viza ya mtoto wangu? Xavérine alipowajibu kwamba hakusema kitu, nyuso zilianguka, naye hajawahi kuvumilia uso ulioanguka. Jumatatu akaongeza mwanga. Jumatano akaja malaika. Ijumaa malaika alikuwa na viatu vya ngozi na anasema Kirundi safi.

Jumamosi, akiwa peke yake anakunja vitenge, alijaribu kurudi kwenye ile asubuhi. Akaitafuta moyoni, asiione. Alimkuta malaika tu, na viatu vyake. Hapo aliogopa kweli, kwa sababu alikuwa anaipoteza kwa mdomo wake mwenyewe.

Jumapili uwanja wa Audace ulijaa. Eustache alikaa nyuma, kofia magotini. Xavérine akasimama.

"Malaika nilimtunga," alisema. "Na mwanga pia. Nisameheni. Nilikuwa ndani ya mtaro, nikajua Mungu yupo. Basi."

Watu walingoja. Audace akakohoa. "Basi? Mama Iteka, si kila mtu hapa anajua hivyo?"

"Ndiyo. Hata mimi nilikuwa najua hivyo, miaka yote. Halafu nikajua."

"Na viza?" sauti ya mwanamke ikauliza kutoka kona. Watu wakacheka, Audace akaanzisha wimbo haraka, na ushuhuda mfupi kuliko wote katika historia ya jumuiya ile ukawa umekwisha. Xavérine alikaa chini, uso unamwaka kwa aibu.

Njiani walitembea kimya, yeye na mumewe, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Karibu na kona ya kwao Eustache akasema, akitazama barabara:

"Mimi ilinikuta Rusumo, mpakani. Nilikuwa nabadilisha gurudumu la lori."

Xavérine akasimama. "Nini ilikukuta?"

"Ile yako. Bila mwanga."

"Lini?"

"Mwaka Iteka alizaliwa."

"Miaka ishirini na sita, Baba Iteka! Mimi mke wako, na hukuniambia?"

"Nilirudi nyumbani jioni hiyo hiyo nikuambie." Eustache alivua kofia, akaivaa tena. "Ulikuwa unaongea."

Xavérine akafungua mdomo, akaufunga. Akamshika mumewe mkono. Wakafika kwenye lango lao, wakalipita, wakaendelea kutembea kuelekea barabara ya uwanja wa ndege, Eustache akiongea.