Kilo Mbili za Ta Ildefons

Kwa miaka ishirini na tisa Ta Ildefons Byarugaba, Ta ndiyo Mzee kwa Kihaya, alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, kijijini kwao karibu na Kamachumu, Muleba. Kama uliwahi kunyunyizia kahawa yako maji ili gunia lipande uzito, pole yako. Alizamisha mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, akatoa punje mbili, akaziuma, kisha akakwambia kwa upole wa kuudhi, "Nenda kaanike, mwanangu." Yule mzee hadanganyiki, watu walisema, na walisema kweli.

Mwezi wa tatu mwaka huu figo zake zikagoma, na gunia likawa yeye. Akahamia kwa binti yake Dativa, mtaa wa Bilele mjini Bukoba, awe karibu na hospitali. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anapimwa uzito kwanza, ndipo anaunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Figo zikifa, unachokunywa hakina pa kutokea, kinabaki mwilini, na kilo zilizoongezeka tangu mara ya mwisho ndizo maji ambayo mashine itayatoa. Hesabu hiyo karani aliielewa siku ya kwanza. Chumvi pia walimkataza, ila hilo liliingia sikio hili likatokea lile.

Kilichomuuma zaidi ya sindano ni nyumbani. Mkewe, Edvina, alibaki kijijini na kibanja, maana migomba haijipalilii, na tangu mwezi wa tatu mzee hakuwa amelala kitandani kwake hata mara moja. Akaomba ruhusa ya kwenda kulala kwake mwisho wa wiki. Dokta Kahangwa hakuzunguka: siku za Ijumaa hadi Jumatatu ndizo wagonjwa hujaa maji, na maji yakifika kwenye mapafu huko kijijini, nani atamsaidia?

"Nipe Jumatatu mbili mfululizo usizidi kilo mbili, mzee. Hapo utakwenda."

Jumatatu ya kwanza aliongeza kilo moja na nusu tu. Siku hiyo alisalimia mpaka watu asiowajua.

Halafu Novemba ikaleta senene, wale panzi wa msimu wanaoliwa. Sasa hapa msimcheke sana, kichwani alikuwa bado karani: kilicholowa kina uzito, kilichokauka hakina. Basi akakataa uji, akakataa mchuzi, akaenda sokoni bila Dativa kujua, akanunua senene wakavu waliokaangwa wakakolea chumvi. Akawatafuna Jumamosi nzima na Jumapili nzima, anajisifu kwa akili zake. Chumvi nayo ikafanya kazi yake. Koo liliwaka, kikombe kimoja kikaita kingine, na Jumatatu asubuhi viatu vikakataa kuingia miguuni.

Alijua kabisa kwamba amezidisha. Lakini akilini alimuona Edvina mlangoni kwake, na kile kitanda, na roho haikukubali. Mizani ya wodini ilikuwa karibu na dirisha. Akapanda, akaegemeza kiwiko dirishani kama anayetazama barabara, akakikandamiza ili dirisha libebe sehemu ya uzito wake. Nesi Shamsia, binti wa Kiislamu wa hapo hapo mjini, akasoma ongezeko la kilo mbili, akaandika. Mashine ikatoa mbili. Mbili nyingine zikabaki ndani ya mzee mzima aliyewafukuza wezi wa mizani miaka ishirini na tisa.

Wahenga hawakukosea, mficha maradhi kifo humuumbua. Jumanne mchana, akipanda ngazi tatu tu za nyumba ya Dativa, pumzi zikakata. Alikuwa anazama, na yuko nchi kavu. Dativa na jirani wakamkimbiza kwa gari, na kabla ya saa nane alikuwa kwenye mashine tena, oksijeni puani, Shamsia pembeni yake.

Pumzi ziliporudi, akaungama. "Mwanangu, jana nilikuibia. Niliegemea dirisha."

Shamsia alirekebisha mrija wa oksijeni. "Babu, ungekufa, na mimi ningeishi nikidhani nimekosea kuandika."

Alimuuliza alikula nini, mzee akataja senene, akajitetea kwamba walikuwa wakavu kabisa. Shamsia akamweleza taratibu kwamba hawezi kushindana na kiu huku anakula chumvi, maana chumvi ndiyo inayoyaita maji. Aipunguze hiyo, na kiu itapungua yenyewe. Ta Ildefons alilia, na si kwa aibu tu. Alishukuru kwamba yu hai, kwamba mashine ipo, kwamba huyu binti wa watu alikuwa na haki ya kumkaripia na hakumkaripia.

Jumatatu mbili zilizofuata alisimama katikati ya mizani, mikono kifuani. Kilo moja na robo tatu, kisha moja na nusu. Dokta akatimiza neno lake.

Ijumaa jioni Edvina alimpokea kwa punje za kahawa za kutafuna, kama apokelewavyo mgeni wa heshima, kisha akaleta ndizi chache, zilizochemshwa na maji yake kumwagwa. Njia nzima mzee alikuwa amepanga maneno ya kumweleza habari ya chumvi bila kumuudhi mpishi. Akaonja kwanza. Chumvi hakuna hata chembe. Kulikuwa na limau, kitunguu na pilipili kidogo, na zilikuwa tamu.

"Mama Dativa, haya mapishi umeyajulia wapi?"

"Dativa alinieleza mwezi ule wa tatu jinsi mgonjwa wa figo anavyopikiwa, mpaka kumwaga maji ya ndizi. Tangu hapo chumvi haijaingia jikoni humu."

"Na wewe unakula nini?"

"Hayo hayo. Mwanzoni nilikuwa nameza kama dawa. Nikasema nitapika hivyo hivyo mpaka yawe matamu, maana ulikuwa lazima urudi."

Miezi tisa, peke yake mezani. Ta Ildefons aliweka tonge chini, akamshika mkono, akasema asante moja tu ya Kihaya, "Wakola." Edvina akamwambia ale, chakula kinapoa.