Fomu ya Zakaria

Safia Nur alikuwa binti wa muuza vitambaa wa mjini Eldoret. Mwaka ule wa 2008, duka la baba yake lilipokosa wateja, alipata kazi ya kuingiza data kambini, walikolala watu waliochomewa nyumba baada ya uchaguzi. Ofisi ilikuwa chumba cha mabati, kompyuta mbili, na fomu moja ya mtandaoni ambayo Safia aliichukia tangu siku ya kwanza.

Si kwamba fomu yenyewe ilikuwa wazo baya. Nyuma yake kulikuwa na majedwali matatu: la watu, la chakula na la shule. Ukijaza mara moja na kubonyeza kitufe, yote matatu yanabadilika kwa mkupuo. Lakini Zakaria, mkuu wa ofisi aliyeitengeneza, aliyaunganisha majedwali hayo kwa majina badala ya kumpa kila mtu namba yake. Jina moja likipatikana mara mbili katika familia moja, fomu ilibadilisha kotekote bila kuuliza.

"Bosi, hawa watu binti wa kwanza anapewa jina la nyanya yake mzaa baba," Safia alimwambia. "Majina yatagongana."

"Wewe ingiza data, Safia. Mambo ya sistemu niachie mimi."

Akamwachia. Hilo ndilo lililokuja kumkera kuliko yote, kwamba alijua na akanyamaza.

Jumatano moja aliingia Waceke, mkulima aliyefukuzwa Chepsaita, amemshika mkono binti yake Ciku.

"Mwalimu amemrudisha," alisema kwa sauti iliyosikika hadi nje. "Anasema kwa orodha ameandikwa amekufa. Amekufa saa ngapi, na asubuhi amekunywa uji?"

Orodha ya mtihani wa darasa la nane ilikuwa inafungwa Ijumaa. Bila jina lake mle, Ciku hangefanya mtihani mwaka huo.

Safia alitafuta kwenye kompyuta, akaona mara moja. Wiki tatu nyuma mama mkwe wa Waceke, Ciku Ng'ang'a, alifariki kwa nimonia. Safia mwenyewe ndiye aliyejaza fomu. Alimweka bibi kizee kuwa marehemu, na fomu ikamzika mjukuu pamoja naye, kwenye chakula na kwenye shule pia.

"Kumbe ndiyo maana unga ulipungua," Waceke alisema. "Mimi nilidhani wamepunguzia kila mtu."

Safia alikasirika, na nusu ya hasira hiyo ilikuwa ya kujikasirikia. Alimweka Ciku kuwa hai. Nyanya naye akafufuka. Alipomrudisha nyanya kwa marehemu, mtoto akafa tena.

"Mimi niko hapa," Ciku aliiambia kompyuta.

Zakaria aliinua kichwa mezani kwake. "Alete barua ya chifu wa kwao, athibitishe mtoto yuko hai."

"Chifu wa Chepsaita?" Waceke aliuliza. "Nirudi kwa walionichomea nyumba, niwaombe waandike kwamba mtoto wangu hawakumuua?"

"Ndio utaratibu, Mama."

Utaratibu! Mtoto amesimama mbele ya pua yake, anapumua, na mtu mzima aliyesoma anataka karatasi.

Neno la siri la majedwali na la fomu Safia alikuwa nalo, kwani Zakaria alimpa siku aliyoona uvivu kuandika ripoti ya mwezi. Alhamisi, Zakaria akiwa kwenye mkutano mjini, Safia alimpa kila mtu namba yake, akairekebisha fomu itafute namba, si jina. Kisha akajiuliza ni wangapi wengine. Akatafuta familia zilizoandikiwa vifo viwili vya jina moja siku moja. Wakatoka watoto kumi na mmoja, Ciku akiwemo.

Ijumaa asubuhi Zakaria aliikuta orodha ya watoto hao mezani. "Hii karatasi isitoke hapa," alisema. "Turekebishe kimyakimya. Wafadhili wakisikia, tumekwisha."

"Watoto wamelala njaa kwa sababu yako na kwa sababu yangu, na wewe unaogopa wafadhili?"

"Ukitoka na hiyo karatasi, usirudi kazini."

Safia alitoka nayo. Alisimama mbele ya foleni ya unga, akaeleza kosa bila kuficha lake, akaanza kusoma majina. Wazazi waliitikia mmoja mmoja, wengine wakimtukana, naye akaona wana haki. Jina la mwisho lilikuwa Nyakio, miaka sita. Alilisoma mara mbili.

"Mamake alimtoa hapa mwezi uliopita," mwanamke mmoja alisema. "Alisema chakula cha mtu mmoja hakiwatoshi wawili. Walienda pande za Soy kutafuta kibarua."

Zakaria alimwambia achukue mkoba wake. Safia alikaa kwenye kompyuta kwanza, akawarudisha kumi, na jina la Ciku likaingia kwenye orodha ya mtihani kabla ya saa sita. Kwa Nyakio, fomu ilimpa maneno mawili tu ya kuchagua. Jumamosi tatu zilizofuata alizunguka soko la Soy akiuliza, asipate anayemjua. Lakini Ijumaa ile alikuwa amechagua "hai", na mpaka leo hajui kama aliandika ukweli.