Landrova ya Bwana Aidarus Yainama

Ghanim alikuwa fundi wa springi pale Changamwe, na ukitaka kumuudhi mwite fundi wa magari tu. Magari yana mafundi tele, akisema; springi zina yeye. Alikuwa mrefu, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko kifua chake, na umri wake ulishafika pale ambapo watu hawakuulizi tena utaoa lini, wanakuulizia afya tu. Kwa jambo lingine lolote ungeweza kumcheka naye akacheka nawe. Kwa springi, hapana.

Na kazi aliijua kweli. Haya magari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne hukalia mafungu manne ya mabamba ya chuma, kila gurudumu na fungu lake. Bamba refu kuliko yote lina jicho kila ncha. Jicho moja hufungwa kwenye fremu kwa bolti, lisiende popote. La pili huning'inizwa kwa shekeli, kipande cha chuma kinachobembea, kwa sababu bamba likilemewa hunyooka na kurefuka, na lisipopata pa kwenda huvunjika. Katikati, fungu zima hubanwa kwenye ekseli kwa bolti zilizopindwa. Ghanim alikuwa tayari kuyaeleza haya hata kwa mtu aliyesimama kuuliza njia.

Mafundi wengine wakivua springi huzitia alama ya chaki, za kulia na za kushoto. Yeye aliwacheka. "Chaki ni ya mwalimu," akiwaambia. "Mimi nazijua kwa mkono."

Mwaka wa sitini na moja, Wazungu walipoanza kufunga mizigo, Bwana Aidarus alinunua Landrova kwa mmoja wao. Bwana Aidarus alikuwa na duka la jumla kwenye njia ya Chaani, na kitambi kilichotangulia kuingia kila alikokwenda. Gari lilikuwa zima ila springi zilishikwa na kutu, zikilia kila shimo. Akalipeleka kwa Ghanim, naye akalipokea kwa bashasha isiyo ya kawaida. Bwana Aidarus alikuwa na dada, Khairiya, aliyeachwa na mumewe zamani akarudi kumtunzia nduguye nyumba. Wiki ile ile Bi Kuluthum, shangazi yake Ghanim, alikuwa amekwenda kumposea, na jibu lilikuwa bado.

Springi zikavuliwa, zikasuguliwa, zikatiwa bushi mpya, ile mirija ya mpira ya ndani ya macho. Mvua za mwaka ule hazikuwa na adabu. Maji yakaingia gereji, na Ghanim na msaidizi wake Elkana wakakimbiza kila kitu juu ya meza, vyote lundo moja. Maji yalipotoka, Ghanim akazifunga springi kwa ule mkono wake unaojua.

Bwana Aidarus alipanda gari lake, akafika dukani, na wanywa kahawa wa barazani wakaacha vikombe hewani. Landrova ilikuwa imelala upande wa kulia, upande wa dereva, kwa namna ya mtu anayesikiliza ukutani.

"Taratibu, Bwana Aidarus," mmoja akasema, "utalizamisha!"

Alasiri ile alirudi gereji, uso umemwiva. Ghanim alilizunguka gari, akakagua kila nati, akaona zimekaza. Hapo ndipo angesema sijui. Lakini neno lile hakuwahi kulitumia kwa springi, na asingeanza mbele ya mtu ambaye yeye alitaka awe shemeji yake.

"Springi ziko sawa," akasema. "Labda ni mwili, Bwana Aidarus."

"Mwili? Mbona hata nikishuka linabaki limeinama?"

Ghanim akaigonga springi kwa spana. "Chuma hukumbuka," akasema. "Kimeshakuzoea."

Uongo wa kijinga namna ile ulistahili kufia pale pale. Haukufa. Bwana Aidarus alikwenda nyumbani akitafakari kumbukumbu za chuma, na toka siku ile akaacha kula. Asubuhi maji ya ndimu, mchana tango, jioni tango lile lililobaki. Kila siku alilisimamisha gari kwenye sakafu ya saruji mbele ya duka, akachuchumaa kulitazama kama limeanza kusahau.

Bi Kuluthum alipokwenda kuuliza jibu la posa, alirudi na habari hii: "Asema hawezi kuoza dada yake naye ni kichekesho cha mji. Siku gari litakaposimama sawa, ndipo atakapojibu."

Ghanim alifurahi. Mtu akila tango atakonda, akikonda gari litanyooka. Alianza hata kupaka chumba chokaa.

Kisha Landrova nyingine ikaletwa gereji. Ghanim akazivua springi, akazilaza chini, akaziinamia kuzitazama. Za kulia zilikuwa zimepinda juu kuliko za kushoto. Bila shaka! Waliozitengeneza walijua dereva na tangi la petroli vyote viko kulia, wakazipa za upande ule nguvu zaidi. Ghanim alilijua hili tangu ujana, alilijua kama jina la mamake. Akakumbuka mvua, akakumbuka meza, akakaa juu ya tairi.

"Fundi, unaumwa?" Elkana akauliza.

"Sana."

Bwana Aidarus angeweza kukonda mpaka akabaki kanzu tupu, gari lile lisingenyooka. Na Ghanim angebaki na chumba chake cheupe.

Akakimbilia dukani, azibadilishe springi kabla mtu hajajua. "Nipe gari nilipake grisi, Bwana Aidarus."

"Halirudi gereji," akajibiwa kwa sauti ya njaa. "Miaka yote watu wakiniambia nimependeza. Gari hili ndilo pekee lililoniambia kweli."

Ghanim alitoka kwa mlango wa nyuma ili asionwe, akamkuta Khairiya uani, maana nyumba ilikuwa nyuma ya duka. Sufuria la wali wa nazi lilikuwa mbele yake, halikuguswa.

"Bwana Ghanim," akasema bila kuinua macho, "ndugu yangu yuafa. Jana nilimkuta jikoni amekumbatia sufuria la pilau, tupu, alia. Nami napika, namwaga. Mtu hali chakula changu, nami nina kazi gani nyumba hii?"

Ghanim akaona aibu mpaka masikioni. Alirudi barazani, na wanywa kahawa wote walikuwapo, bila shaka. Watu wale hawana siku wanayokosa.

"Bwana Aidarus, si mwili. Ni mimi. Springi za kulia nimezifunga kushoto, na za kushoto kulia. Na lile la chuma kukumbuka nililitunga."

Kikombe kimoja kikaanguka. Bwana Aidarus akamtazama.

"Kwa hivyo mimi si mnene?"

Ghanim alikuwa ameshachoka na uongo. "Unene upo, Bwana Aidarus. Lakini si wa kuinamisha gari."

"Khairiya!" Bwana Aidarus akanguruma. "Leta wali!"

Alikula pale pale barazani. Ghanim na Elkana wakaleta jeki, wakafungua shekeli na bolti, wakabadilisha springi huku kila mpita njia akisimama kuwaelekeza. Gari liliposhushwa, Bwana Aidarus akajipangusa mkono, akapanda na shibe yake yote. Landrova ikasimama sawa.

"Niliahidi jibu," akasema. "Kwangu mimi ni sawa, kwa kuwa umesema kweli mbele ya hawa mashetani wa kahawa. Lakini atakayeishi nawe si mimi. Muulize mwenyewe."

Khairiya alikuwa mlangoni, ameshika sahani tupu. Wanywa kahawa wakageuza shingo.

"Siku utakapokosea nyumbani," akamuuliza Ghanim, "utaniambia ni mimi mzito?"

"Wallahi, nitasema nimekosea mimi."

"Lini? Mpaka mtu afe njaa?"

"Siku ile ile," Ghanim akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Kabla hujapakua."

Khairiya aliifuta sahani kwa ncha ya kanga. Kisha akageuka kuingia ndani.

"Mwambie shangazi yako aje kesho," akasema. "Na asije ameshiba."