Nepi Alizoacha Maylín

Mwaka ule wa shida kuu, pale Caibarién, mji wa pwani kisiwani, mwanamke akitaka kitu cha mtoto alimwendea aliyezaa kabla yake. Duka la mgao lilikuwa na rafu na muuzaji, basi. Kitambaa cha shashi ambacho kila mjamzito alistahili kupewa kwa ajili ya nepi hakikufika, na nepi za kutupa zilikuwa kwenye duka la kununulia kwa dola, ambako Nivia hakuwa na shughuli. Tumbo lilipokuwa kubwa alichana shuka lake la harusi. Lilipoisha akageukia mikia ya mashati ya mumewe, Eliecer, hata ikawa kila Eliecer akiinama kiuno kinabaki nje.

"Mtoto hajazaliwa, ameshanivua nguo," alilalamika. "Akizaliwa itakuwaje?"

"Utavaa gunia. Ngozi yako imeshakomaa."

Ua wao ulipakana na wa Bi Eduviges, mjane mshonaji. Bi Eduviges alikuwa amempa binti yake Maylín chumba cha nyuma, naye Maylín alikaa humo na mumewe na mtoto wao Yoandri, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Asubuhi moja Maylín alimwita Nivia uzioni, akampitishia furushi.

"Chukua, shoga. Zote nimezichemsha."

Zilikuwa nepi za shashi, laini kwa kufuliwa, kila moja imekunjwa pindo kwa uzi wa buluu.

"Na Yoandri utamfunga nini?"

"Nimebakiza za kutosha." Maylín aligeuka kutazama jikoni, alikokuwa mama yake. "Tunakokwenda watu wanatumia za kutupa."

Siku hizo maneno kama hayo hayakuhitaji mkalimani. Watu walikuwa wakiondoka kwa mbao zilizofungwa juu ya mipira ya matairi, wakivuka bahari kuelekea kaskazini. Nivia alitaka kusema, mtoto mwache. Maneno yalifika mdomoni. Lakini mikono ilikuwa imeshashika furushi, na kitambaa kilikuwa chepesi kama mvuke, kizuri kuliko chochote alichokuwa nacho. Akasema ahsante.

Kesho yake chumba cha nyuma kilikuwa kitupu. Baadaye simu zilianza kuingia mtaani, mara kwa huyu, mara kwa yule: tumefika, tuko salama. Bi Eduviges alikuwa akienda kukaa kwenye nyumba yenye simu, ameshika kipochi magotini, kama mtu anayengoja zamu yake hospitalini. Zamu yake haikufika. Akaacha kwenda.

Nivia alijifungua binti, Dainelis, na hapo akajua kwamba mtoto ni kinywa kimoja na nepi zisizohesabika. Sabuni haikuwepo. Aliponda majani ya mkonge, akafulia povu lake, kisha akasuuza mara nyingi, maana utomvu ukibaki mtoto anawashwa usiku kucha. Kuni zilipopatikana alichemsha. Mfuko wa nailoni ulikatwa ukawa chupi ya kuvalia juu. Nepi iliyochoka katikati ilipasuliwa, kingo zikaunganishwa, ikaanza maisha upya. Muda mrefu alitumia mashuka na mashati, furushi la Maylín akaliacha juu ya kabati. Kisha mvua ikanyesha mfululizo, vitambaa vikagoma kukauka. Akalishusha.

Jua liliporudi, akaanika uani nepi za pindo la buluu.

Bi Eduviges alitoka na sufuria la maji machafu. Akasimama. Alizitazama zinavyopepea, akazitazama tena, halafu akamwaga maji palepale miguuni pake, akarudi ndani.

Tangu siku hiyo nepi zikawa na mambo. Nivia akizisahau juani, anazikuta kizingitini zimekunjwa pembetatu, ilhali yeye hukunja mraba. Wingu likikusanyika, kabla hajafika uani kamba imeshakuwa tupu. Hayo aliyavumilia, ni ujirani. Kilichomtoa jasho ni mchana mmoja alipokwenda kuanua na kukuta nepi mbichi katikati ya zile kavu. Ilikuwa na pindo la buluu, inadondosha maji, na doa la manjano lililopauka. Yeye siku hiyo hakuwa amefua. Akashusha macho, akaona matone yake yamechimba mchanga chini. Alimbeba Dainelis akaingia ndani na kukomea mlango, jua likiwa utosini.

"Zichome," alisema Eliecer aliporudi. "Nguo za mtoto aliyezama hazivaliwi."

"Nani kakwambia amezama?"

"Nani kakwambia amefika?"

"Haya, nizichome. Kesho nimfunge gazeti? Au una shati lingine?"

Eliecer alijitazama kifuani. Alikuwa amebakiwa na shati moja.

Iliendelea hivyo. Mara nepi mbichi ipo, mara haipo. Mchana, umeme ukikatika na redio za mtaa zikinyamaza, Nivia alisikia kutoka upande wa kile chumba kitupu sauti ya nguo ikisuguliwa kwenye ubao wa kufulia. Mtoto aligeuza kichwa kuisikiliza. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba mtoto naye anasikia.

Mwishowe akavuka uzio.

Bi Eduviges alikuwa nyuma ya chumba, ameinamia karai, mikono myeupe kwa maji. Ndani ya karai mlikuwa na nepi chache tu.

"Ulidhani nani?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sikujua, Bi Eduviges."

"Hizi Maylín aliziacha kwenye ndoo, chafu. Za siku ile ya mwisho na za usiku wake. Nikasema sizigusi, atazikuta. Zikakaa hadi zikaota ukungu. Siku nilipoona zako juani, nikazifua." Akasugua. "Haziishi kufuliwa."

Nivia aliona kuwa zimeshakuwa safi kitambo, nyuzi zimeanza kuachana.

"Kwangu hazina pa kukaukia," alisema bibi. "Nikazitia kati ya wenzao."

"Ungeniambia tu, mama."

Bi Eduviges akanyoosha mgongo, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Na wewe ungeniambia. Hizo pindo nilishona mimi. Nilipoziona nikajua alikupa kwa mkono wake. Maana yake alikuaga. Mimi mamake alinibusu shavuni kama siku zote, akasema usisahau kahawa jikoni."

 Nivia aliketi chini ukingoni mwa karai, akashika upande mmoja wa nepi, bibi akashika wa pili, wakaikamua.

Baada ya hapo walianika pamoja. Habari haikuja mwaka ule wala uliofuata. Dainelis alipoacha kujikojolea, jirani mmoja, Raiza, mjamzito, alikuja kuziomba nepi. Nivia alimwuliza Bi Eduviges. "Mpe," akasema. "Kitambaa hakina kosa." Ila zile chache za ndoo alibaki nazo.

Miaka ilipopita Nivia akapata mimba ya pili, na Raiza akazirudisha, zimekuwa nyembamba kiasi cha kuona vidole ukipitisha mkono. Akazipokea, kwani maduka yalikuwa bado yaleyale na mtoto wa pili naye hukojoa. Safari hii alizaliwa mvulana.

Wakati huo macho ya Bi Eduviges yalikuwa yamefifia. Alikuja kila asubuhi akipapasa uzio, akaketi na kumfunga mtoto nepi kwa vidole vyake, bila kukosea, akimwimbia taratibu. Jina aliloimba lilikuwa Yoandri. Mara ya kwanza Eliecer alifumbua mdomo amsahihishe, na Nivia akamkanyaga mguu chini ya meza. Mtoto alikuwa ametulia, anamtazama bibi, na kila jina lile lilipotajwa alicheka kama mtu aliyeitwa.