Namba ya Lilian Kwenye Grupu la Msiba

Placida hajui kunyamaza, na kazi yake haimtaki anyamaze. Ni msusi wa Walthamstow, London, nyuma kidogo ya soko. Mwanamke akishakaa kwenye kile kiti atamwaga yote, mume, mashemeji, hata bosi wake. Ukutani kuna cheti cha usajili kutoka ofisi ya serikali inayolinda taarifa za watu, anakilipia kila mwaka bila kunung'unika. Kwa hiyo usije ukadhani ni mtu wa kudharau sheria, hata!

Lilian alipokuja kusuka mara ya kwanza, aliitaja namba yake kwa kunong'ona. "Dada, hii usimpe mtu. Nimemkimbia mume wangu, Telesphor. Akijua tulipo, mimi na mwanangu tumekwisha."

"Mdogo wangu," Placida akamwambia, "labda niwe nimekufa."

Halafu mama yake Placida akafariki, kule Bukoba.

Kufiwa ukiwa mbali kunachanganya akili, na sisi msiba hatuutangazi nusunusu. Placida, macho yamemvimba, alizoa namba zote za wateja kwenye simu ya saluni akazitia kwenye grupu moja la WhatsApp: "Nimempoteza mama. Karibuni nyumbani." Zote! Hakuomba ruhusa ya mtu. Nani anaomba ruhusa siku ya msiba? Nyumba ikajaa, wali ukapikwa, rozari ikasaliwa, naye akafarijika kwelikweli.

Saluni ilipofunguliwa tena akaja Leena, binamu yake Telesphor. Anasukwa huku anacheka. "Kumbe Lilian yupo! Nimemwona kwenye grupu lako, kwenye profaili yake kaweka picha ya mtoto akiwa na sare ya shule. Nikamtumia kaka, maskini, alivyowatafuta!"

Kitana kikamdondoka Placida. Yesu na Maria! Leena alipoondoka tu, akalifuta lile grupu, kana kwamba kufuta kungesaidia.

Akamsimulia bintiye Natasha, naye akamjibu kwa Kiingereza chake cha London: mama, umevunja sheria, iarifu ile ofisi, na umwambie Lilian mwenyewe. Ofisi akaiarifu. Adhabu haikumtisha. Kumtazama Lilian usoni ndiko kulikomkata maini. Akawa anaahirisha, anajidanganya kwamba labda Telesphor amepuuza. Mwoga mkubwa! Alijijua, na aibu ikamtafuna.

Mwishowe akapiga simu. Namba haipo tena. Akapanda treni hadi Hayes, upande wa pili wa London, kwenye ghala analofanyia kazi Lilian, akamngoja getini. Alipomwona tu akayamwaga yote, bila hata salamu.

"Najua, dada," Lilian akasema. "Nilijitoa kwenye grupu, lakini nilichelewa. Alitokea shuleni siku ile ya rozari. Walimu wakamficha mtoto ndani, polisi wakaja, jioni tukahamishwa."

"Siku ya rozari? Si ulikuwa kwangu?"

"Nilikuwa jikoni kwako namenya vitunguu, shule ikapiga. Nikakuaga kwamba nimeitwa kazini."

"Lilian! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unamlilia mama. Ningekuambiaje?"

Lilian akamshika mkono.

"Na mama, mlimzika salama?"

Hapo Placida akaangua kilio mbele ya watu wa shifti nzima, na safari hii hakuwa anamlilia mama.